Uvumilivu wa Umulkheri na Wenzake: Ni Sifa ya Nani?

Fungua mwongozo wowote wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Chini ya sifa za Umulkheri hutakosa neno "mvumilivu". Chini ya Chandachema, vilevile. Zohali naye. Mtahiniwa hukariri, hutaja mfano mmoja, hupata alama yake. Nami nimefunza hivyo kwa miaka.

Siku moja hapa Baba Dogo, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliyekosa karibu muhula mzima akifanya vibarua katika viwanda vya hapa mtaani, aliinua mkono. "Mwalimu, Chandachema alichuma majani chai, akarudi shule, tukamwita mvumilivu. Mimi nisingerudi mngeniitaje?" Darasa lilicheka. Sikuwa na jibu, niligeukia ubao.

Jioni niliirudia riwaya. Katika shule ya Tangamano, Umu, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema wanasimuliana yaliyowapata. Soma sehemu hiyo tena, lakini mara hii usitafute sifa, tafuta watu. Zohali alipopata mimba akiwa kidato cha pili na kuishia mitaani, nani alimwokoa? Mtawa Pacha. Chandachema alipofiwa na nyanya yake alihama nyumba hadi nyumba, mwishowe akajikimu kwa kuchuma majani chai. Bidii ilikuwa yake, ndiyo, ila shirika lilipaswa kujitokeza ndipo atulie darasani. Umu naye, baada ya Sauna kuwaiba ndugu zake, aliingia mji asiomjua mtu, akakutana na Hazina, ombaomba ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumpa pesa. Wahakiki huliita tukio hilo sadfa, na wengine huliona udhaifu wa ploti. Nami nililiona hivyo. Sasa nauliza: bila Hazina, tungekuwa na Umu "mvumilivu" wa kuandikia maelezo?

Mtazame Pete. Aliozwa kwa Fungo angali msichana mdogo, akatoroka, akapata watoto na taabu juu ya taabu, hatimaye akajaribu kujiua. Utaandika kwamba Pete hana uvumilivu? Binti huyu alistahimili mengi mno. Tofauti yake na wenzake ni kwamba wale waliopaswa kumshika mkono ndio waliomwoza.

Wanasaikolojia nao wamelikaribia jambo hili. Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu watoto wadogo 28. Nusu yao waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea wakaletewa. Nusu waliahidiwa wasiletewe. Kisha kila mtoto akapewa peremende na kuambiwa asipoila kwanza ataongezwa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, dakika 3. Mtoto wa dakika 3 si mlegevu, amejifunza tu kwamba ahadi ya mtu mzima haina maana.

Simaanishi, mtahiniwa, kwamba sifa hii uifute. Iandike, na mtahini atakupa haki yako. Ila ukiulizwa ujadili maudhui ya elimu au ya malezi, usiishie kwenye moyo wa mhusika. Onyesha mkono uliomshika, au uliomwachilia. Swali hilo hilo mwulize Mangwasha katika Nguu za Jadi, riwaya iliyofuata. Na wewe, mwalimu mwenzangu, unapowasomea vijana wa Eastlands orodha ya sifa, kumbuka kuna anayejipima nayo kimyakimya.

Kijana wangu alifanya mtihani wake. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliyemrudisha shuleni si mimi wala si mwalimu yeyote. Ni mama mmoja mpishi wa shule, mpangaji mwenzao katika ploti, aliyekuwa akimgongea mlango kila Jumatatu alfajiri akimwuliza, "Mwanangu, leo unakuja?"