Miliampia Moja

Voliumu ya kuzungusha ina uvumilivu ambao hatuusifu vya kutosha. Ikikwaruza unaipulizia dawa. Ikizidiwa na umeme inapata moto, inatoa harufu, na pua yako inajua kabla ya macho. Ndani mna ukanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake, basi. Fundi anaweza kuitumia maisha yake yote bila kuisomea.

Potenshomita ya kidijitali haisamehe hivyo. Chukua MCP41010, chipu ya miguu minane ambayo wanaojifunza huipenda. Kwenye mchoro ni voliumu ileile: ncha mbili na mguu wa kati. Ndani, rezista zimepangwa mfululizo kama ngazi ya vidato 256, na swichi za transista huhamisha mguu wa kati kutoka kidato hadi kidato kwa namba inayotumwa na mikrokontrola. Swichi hizo ni dhaifu. Karatasi ya mtengenezaji inaruhusu miliampia 1 tu ipite kwenye mguu wa kati, ilhali taa ya kawaida ya LED hutaka 10 au 20.

Mwenye pupa ataunganisha aone. Fundi hupiga hesabu kwanza. Namba ikishuka hadi sifuri, ukinzani unaobaki ni wa swichi yenyewe, omu 50 hivi. Ukiipa volti 5 moja kwa moja, hesabu inakuletea miliampia 100, mara mia ya kiwango. Kosa dogo kwenye programu linatosha kukufikisha huko. Kwa hiyo anatanguliza rezista ya omu 5,600, na sasa hata namba ya sifuri haina madhara. (Ya 4,700, iliyojaa kila duka, inavuka mpaka kwa kiasi kidogo tu. Wengi wataitumia na hawataona kitu. Mimi namwamini yule anayerudi dukani.)

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye pawa saplai ya mezani. LM317, kidhibiti cha volti, ni kitu cha kila karakana, na wazo la kung'oa voliumu yake na kuweka chipu linakuja lenyewe. Lakini LM317 hushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia. Ukiweka pale rezista ya kawaida ya omu 240, miliampia 5.2 zitashuka kuelekea kwenye chipu inayomudu moja. Ukitaka volti 12 zitoke, mguu wa kurekebishia utakuwa na 10.75, na chipu inayolishwa volti 5 haipaswi kuguswa na zaidi ya hizo 5. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: MCP41010 kila inapowashwa huanzia katikati, omu 5,000. Kwa mpangilio huu LM317 itajaribu kupanda hadi volti 27, au karibu na zile zinazoingia kama hazifiki hapo, kabla mikrokontrola haijasema neno. Redio iliyokuwa ikisubiri volti 5 imeshakwenda.

Fundi mzuri huitoa chipu kwenye njia ya nguvu. Anaiachia itengeneze volti ndogo ya amri, kati ya sifuri na 5. Opampu inaisoma bila kuinyonya, na transista kubwa ndiyo inayobeba mzigo. Njia ya kutokea anaifunga kwa relei mpaka namba sahihi iandikwe. Kwa kuitumia hivyo anapata na faida ya pembeni: ukinzani wa chipu nzima unaweza kuwa omu 8,000 au 12,000 badala ya 10,000 iliyoandikwa, lakini uwiano wa vidato haubadiliki, na volti ya amri inategemea uwiano.

Kwenye amplifaya hatari ina sura nyingine. Sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na chipu hii haiwezi volti hasi. Dayodi zake za kinga zitafunguka, sauti itapasuka, na mambo yakiharibika zaidi chipu itajifungia kwenye shoti ya ndani hadi uzime umeme. Kapasita moja na rezista mbili zinazoinua sauti ikae kwenye volti 2.5 zinamaliza shida. Bei yake ni ndogo mno kiasi kwamba kuziacha ni uvivu tu.

X9C103, potenshomita nyingine ya kidijitali, yenyewe hukumbuka ilipoachwa hata umeme ukikatika, sifa ambayo kwetu huku haihitaji kuelezwa. Karatasi yake inaahidi uandishi 100,000 kwa kila biti. Programu inayohifadhi kila sekunde itaumaliza ndani ya saa 28 hivi. Ya fundi husubiri mkono utulie, hulinganisha na kilichohifadhiwa, na kama hakuna kilichobadilika haiandiki.