Soma Bajeti Kwanza

Riwaya huhakikiwa, ushairi huhakikiwa, hata taarabu na maandishi ya kanga yana wahakiki wake. Pendekezo la utafiti halihakikiwi. Hupewa alama tu, kisha likafadhiliwa au likatupwa. Ilhali ni utanzu kamili: lina mianzo ya kifomula, lina wahusika, lina namna yake ya kupanga wakati, na lina msomaji mmoja linayemlenga waziwazi, mwenye fedha.

Tuchukue la mfano, lisilo la mtu yeyote hasa. Mwanafunzi wa uzamivu anaomba ruzuku achunguze kwa nini watoto wa wafugaji Waborana wa Merti, Kaunti ya Isiolo nchini Kenya, huacha shule.

Usuli wake unaanzia mbali. Aya ya kwanza ni ya dunia: Lengo la 4 la Maendeleo Endelevu, mwaka 2015. Ya pili ni ya taifa: elimu ya msingi bila malipo ya 2003, kisha Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Isiolo inaingia mwishoni, tena kama dosari: kwingine kote elimu imepiga hatua, huku bado. Mpangilio huu unamfaa mfadhili aliye mbali, lakini tazama unachokiruka. Hautaji Waraka wa Serikali nambari 10 wa 1965, uliotaka fedha za maendeleo zitangulie kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Hautaji vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vilivyowafungia wafugaji wa Isiolo vijijini chini ya ulinzi na kuwapotezea mifugo mingi. Ukiondoa hayo, Isiolo inabaki na upungufu usio na chanzo.

Chanzo hupatikana katika tamko la tatizo, na humo sarufi hufanya kazi kubwa. Mzazi ni mtenda wa vitenzi vibaya vyote: huhamahama, huwatoa watoto shuleni, hathamini elimu ya msichana. Ikifika zamu ya serikali, mtenda hutoweka: "kumekuwa na uhaba wa walimu", "shule hazijajengwa". Nani hakuajiri, nani hakujenga, sentensi haisemi. Mwaka 2001 Saverio Krätli, akipitia tafiti kuhusu elimu ya wafugaji wanaohama, alionyesha jinsi shule ilivyotumiwa mara nyingi kama chombo cha kuwabadilisha waache kuhama. Pendekezo letu linamtaja Krätli kwenye mapitio ya maandishi, kisha linaendelea kana kwamba halikumsoma.

Kwenye mbinu tunakutana na namba maarufu: 384. Aliyewahi kusoma mapendekezo ya vyuo vyetu anaijua. Imetoka kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, nayo ni hesabu sahihi kwa idadi kubwa ya watu, mradi ipo orodha kamili ya kuwachagua kwa bahati nasibu. Merti, orodha iliyo karibu ni rejista ya shule. Mvulana aliye fora, kambi ya mbali ambako mifugo hupelekwa malishoni, na ambaye hakuwahi kuandikishwa, hayumo. Sampuli inatoa picha ya usahihi huku ikimwacha nje mtoto ambaye angeeleza mengi zaidi.

Ratiba nayo ni jedwali la miezi: mitatu ya kutafuta kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, na kuripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu, miwili ya kukusanya data. Haisemi kama miwili hiyo itaangukia ganna, mvua ndefu za Waborana, au bona, kiangazi. Lakini familia iko wapi, na mtoto yuko na nani, hutegemea hilo hasa.

Mwisho kabisa, baada ya marejeleo, iko bajeti, na bajeti hukiri yote. Mbinu imeahidi mahojiano ya kina na wazee kwa Kiborana. Bajeti ina mkalimani wa siku tatu. Mbinu imeahidi kushirikisha jamii. Bajeti imeitengea jamii chai na soda za mkutano mmoja. Mafuta ya gari yanatosha safari moja ya kwenda Merti na kurudi. Kuwasilisha matokeo kumetengewa ukumbi wa hoteli Nairobi, na hakuna hata shilingi ya kuyarudisha kwa waliohojiwa.

Si haki kumlaumu mwandishi peke yake. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuikusudia asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijafikiwa. Nje, Spencer Foundation ya Chicago hupokea maombi kutoka nchi nyingine, na ruzuku zake ndogo hufika dola 50,000. Nayo hutaka maswali, mbinu na mpango wa uchambuzi viwe tayari kabla ya fedha kutoka. Hilo lina faida: humlazimisha mtafiti kufunga swali lake na njia ya kulijibu. Hasara ni kwamba pakiwa na ushindani mkali hakuna anayethubutu kuandika kuwa jambo fulani hatalijua mpaka afike.

Kwa hiyo wanaoketi kwenye majopo ya uteuzi wasome kutoka nyuma: bajeti, ratiba, sampuli, ndipo tamko la tatizo. Pale sehemu hizi zinapopingana, bajeti ndiyo ya kuaminiwa. Nao wafadhili watenge fungu dogo la safari ya kwanza, kabla ya pendekezo kamili kuandikwa. Bila safari hiyo, mengi yanayoandikwa kuhusu Merti yataendelea kuamuliwa Nairobi.