Kuachiwa na Kutakaswa

Mjomba wangu, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuketi Mahakama Kuu kama mzee wa baraza katika kesi ya mauaji. Ndiyo maana nilipopata mkanda wa "The Hurricane", filamu ya Norman Jewison ya mwaka 1999, nilimwomba atazame nami. Denzel Washington anaigiza Rubin Carter, bondia mweusi wa Marekani aliyekaa gerezani karibu miaka 20 kwa mauaji. Mwishoni jaji anamwachia huru, chumba kizima kinashangilia, nami machozi yananilengalenga. Mjomba akauliza: "Sasa wale watu nani aliwaua?"

Nilikasirika. Leo naona aliuliza jambo ambalo filamu nzima inalikimbia.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1966, watu wawili wenye bunduki waliingia katika baa ya Lafayette mjini Paterson, New Jersey, wakafyatua risasi. Watu watatu walikufa, mmoja wao baada ya wiki kadhaa. Wa nne alinusurika. Mwaka 1967 Carter na kijana John Artis, aliyekuwa na miaka 19 usiku ule, walihukumiwa kifungo cha maisha. Shahidi mkuu, Alfred Bello, alikuwa mwizi kwa kukiri mwenyewe: alifika eneo lile kwa ajili ya kuvunja kiwanda, na akachota fedha za baa huku maiti zikiwa sakafuni. Mwaka 1974 aliukana ushahidi wake. Mwaka 1976, kesi iliposikilizwa upya, akaurudia. Wakatiwa hatiani tena.

Kesi hii ya pili filamu inaipita mbio, kama mtu apitaye makaburini usiku. Sababu naielewa. Humo baadhi ya waliokuwa wamemtetea Carter kuhusu mahali alipokuwa waligeuka, wakasema waliombwa waseme uongo. Hilo halithibitishi kuwa aliua, maana hata asiye na kosa huweza kuhangaika kutafuta mashahidi. Lakini linachafua picha, na Jewison hataki picha yenye doa. Anatuletea mpelelezi mmoja mbaguzi, wa kubuni, anayemwandama Carter tangu utotoni, na ubaguzi wa mji mzima unabebeshwa mtu mmoja. Uporaji ambao Carter aliukiri mahakamani mwaka 1957 hausikiki kabisa. Pambano la mwaka 1964 linaonyeshwa kana kwamba waamuzi walimpora ushindi akampa Joey Giardello. Giardello akafungua madai, wakamalizana nje ya mahakama.

Washington anaigiza vizuri kuliko maneno aliyoandikiwa. Lakini filamu inamfanya malaika kwanza, ndipo imdaie haki. Je, angekuwa mtu mkorofi tu, asiyependeka?

Jaji H. Lee Sarokin hakuhitaji malaika. Uamuzi wake wa Novemba 1985 ulihusu namna watu wale walivyoshtakiwa: upande wa mashtaka uliwaambia waamuzi kwamba hiki kilikuwa kisasi cha weusi kwa weupe, na ukaficha matokeo ya kipimo cha uongo alichofanyiwa Bello. Kwa hayo akatengua hukumu. Mwaka 1988 mashtaka yakafutwa, na hakuna mtu mwingine aliyetiwa hatiani kwa vifo vile.

Mimi binafsi sidhani kwamba Carter aliua. Ushahidi dhidi yake naona haukutosha kumfunga mtu hata siku moja. Lakini nikiambiwa niape, sitaapa, na kutoapa kwangu hakupunguzi hata chembe haki yake ya kutoka. Haya mawili mjomba aliyaweza kwa pamoja. Mimi yalinichukua miaka.

Filamu ambayo ningependa kuiona ni ya Artis. Hapa anapewa nafasi finyu, pembeni ya shujaa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliahidiwa nafuu kama angemtaja Carter kuwa muuaji, akakataa. Alitoka kwa msamaha wa masharti mwaka 1981, akafariki mwaka 2021. Kijana wa miaka 19 aliyepanda gari la mtu maarufu usiku mmoja, kisha akalipia lifti ile kwa ujana wake wote: mjomba angekaa kitini mpaka mwisho.