Mkono Unaoshika Bambo

Anayechoma gunia la mahindi kwa bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, anatafuta kitu kisichoonekana. Sumukuvu, yaani aflatoksini, haina harufu wala ladha, na punje iliyojaa sumu inaweza kuwa na sura nzuri tu. Kuipika hakusaidii, kwa sababu moto wa sufuria ya ugali hauimalizi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka kilo moja ya mahindi isizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa pamoja, na ile kali kuliko nyingine, B1, isizidi mikrogramu 5. Kwa gunia la kilo 90, kiasi kinachoruhusiwa hakifiki hata miligramu moja. Ni kama punje chache za chumvi ya mezani zilizopotea ndani ya gunia zima.

Kama sumu hiyo ingeenea sawasawa, gao moja la mahindi lingetosha kutoa jibu. Lakini haienei hivyo. Kuvu wanaoitengeneza, hasa Aspergillus flavus, huchagua pa kuingilia: gunzi lililoteswa na ukame, punje iliyotobolewa na mdudu, kona ya gunia iliyolalia sakafu yenye unyevu. Punje za jirani hubaki safi. Wakemia waliopima punje mojamoja wamekuta punje ya mahindi yenye kiwango cha mikrogramu 400,000 kwa kilo. Hebu tupige hesabu. Punje ya namna hiyo yenye uzito wa gramu 0.3 imebeba mikrogramu 120. Itie ndani ya kilo 10 za mahindi safi kabisa, kisha saga na uchanganye: unapata mikrogramu 12 kwa kila kilo, na mzigo umeshapita kiwango. Kilo 10 zina punje zaidi ya 30,000. Moja tu imeziharibia zote.

Thomas Whitaker, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, alitumia miaka mingi kupima makosa yanatokea wapi katika safari hii ya kutoka kwenye shehena hadi kwenye jibu la maabara. Alichokionyesha, na ambacho wengine wamekithibitisha, ni kwamba sehemu kubwa ya kosa haiko kwenye mashine. Iko kwenye kuchukua sampuli. Mashine ya shilingi milioni nyingi itapima kwa uaminifu kile ilicholetewa; aliyekileta akiwa amechota vibaya, itatoa uongo wenye desimali mbili. Ndiyo maana mimi, nikimtazama mchukua sampuli akipanda juu ya lori, namtazama kwa heshima ile ile ninayompa fundi anayepima msingi wa nyumba kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kwanza anahesabu. Kanuni ya siku nyingi ya kuchukua sampuli za nafaka iliyofungwa magunia ni hii: yakiwa 10 au pungufu, chukua kwenye kila gunia, yakiwa kati ya 10 na 100, chagua 10, yakizidi 100, tafuta kipeuo cha pili cha idadi yote. Lori la magunia 400 linadai magunia 20. Kisha inakuja sehemu ngumu kwa binadamu, nayo ni kuyachagua bila upendeleo. Jicho hupenda gunia lililo karibu, na mkono hupenda lililo usawa wa kifua. Mwenye mzigo naye anajua hivyo, na akitaka atayapanga mahindi mazuri nyuma ya lori, mlangoni. Mkaguzi mzuri huamua namba kabla hajaliona gunia lenyewe, na namba ikiangukia gunia lililo chini ya mengine yote, yanashushwa. Nimewaona madereva wakilalamika, wapagazi wakinung'unika, na yeye akisubiri kimya mpaka gunia lake litoke.

Halafu bambo lenyewe. Asiyejua hulichoma mdomo ukitazama juu, nalo linajaa mahindi ya ngozi ya gunia kabla halijafika popote. Anayejua huliingiza kimshazari, mdomo umetazama chini, likafika ndani kabisa likiwa tupu. Hapo ndipo anapoligeuza. Punje za kina kile zinateremka kwenye mfereji wake, anatikisa kidogo, anachomoa. Juu, katikati, chini. Gunia linalofuata, vilevile. Gunia la 19 linachomwa kwa uangalifu ule ule wa gunia la kwanza, ingawa jua limeshapanda na nyuma ya lori hili kuna mengine yanangoja.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo linalomtenga stadi na mtu anayejaza fomu. Mahindi yakimiminwa kwenye turubai safi, yanatoka na vumbi na vipande vilivyovunjika. Mtu hutamani kuvipeperusha ili sampuli ipendeze. Stadi havigusi. Punje zilizovunjika na vumbi lake ndizo mara nyingi zilizobeba sumu nyingi kuliko punje nzima, na kuviondoa ni kumpunguzia mlaji ushahidi. Tena anajua kwamba rundo likimwagwa, vumbi hubaki katikati, na punje nzima huserereka pembeni. Kwa hiyo anachanganya, anarundika, anabapaza, kisha anakata mistari miwili inayopita kitovuni na kupata robo nne. Robo mbili zinazotazamana anazichukua, mbili anaziweka kando. Anarudia mpaka kiasi kinachotakiwa kinabaki. Kila robo imepata fungu lake la kitovu, na vumbi halikuonewa wala kupendelewa.

Kinachobaki hugawanywa, kwa kawaida mafungu matatu: moja la maabara, moja la mwenye mzigo, moja linahifadhiwa kwa ajili ya siku ya ugomvi. Kila fungu linafungwa na kutiwa lakiri mbele ya mwenye mali. Mahindi yakiwa na unyevu hayatiwi kwenye plastiki, maana kuvu wataendelea kuzaa ndani ya mfuko, na maabara itapima sumu iliyotengenezwa njiani. Karatasi au kitambaa kinachopumua ndicho kinachofaa.

Huko maabara uangalifu huo haupaswi kukatika. Fungu lote linasagwa, si kiganja chake, kwa sababu ile punje moja huenda ikawa ndiyo iliyobaki mfukoni. Mashine inasafishwa kabla ya fungu jingine. Unga unapimwa kwenye mizani, unatikiswa ndani ya methanoli na maji, unachujwa. Katika kipimo cha haraka kinachotumia kingamwili, rangi hufanya kinyume na mtu anavyotarajia: ikikolea, mahindi yako salama, ikififia, sumu imezidi. Hapa mambo ni ya vitabu na mitambo, na wapo wanaoyaeleza vizuri kuliko mimi.

Gharama ya sumu hii kupita bila kupimwa tunaijua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Watafiti walizunguka masoko 65, wakachukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka kwa wauzaji 243. Asilimia 55 zilikuwa zimepita mikrogramu 20 kwa kilo, kiwango cha Kenya cha wakati ule, na asilimia 7 zilikuwa zimepita 1,000. Namba hizo zisingekuwepo bila watu waliozunguka kibanda hadi kibanda, wakichota, wakiandika, wakifunga.

Na ipo gharama ya upande wa pili, ambayo husahaulika kwa sababu haiui mtu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti cha kuonyesha kwamba kiwango hakizidi sehemu 10 kwa bilioni, yaani zile mikrogramu 10 kwa kilo. Tangu hapo riziki ya mkulima wa upande huu wa mpaka na chakula cha familia ya upande ule vinategemea karatasi, na karatasi inategemea bambo. Mzigo mzuri ukikataliwa kwa sampuli mbovu, kuna mtu amenyang'anywa jasho la msimu mzima. Mchukua sampuli makini anawalinda wote wawili bila kuwajua, na ndiyo sababu naona ni aibu kwamba nafasi hii mara nyingi hupewa mgeni wa kazi aliyekuja juzi, huku mafunzo na posho vikienda kwa wanaokaa karibu na mashine.

Hata hivyo, mahindi mengi tunayokula hayapandi lori la kupimwa. Yanatoka shambani, yanapukuswa uani, yanaingia ghalani nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa waliougua mwaka 2004. Huko mkaguzi ni mama au baba mwenye nyumba, na kinga yake kubwa ni ukavu: kiwango kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chupa ya kioo iliyokauka na chumvi kavu. Anatia mahindi kutoka sehemu mbalimbali za rundo, anaongeza chumvi, anafunga, anatikisa vizuri, anaacha kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 hivi, na mahindi yanarudi juani, juu ya turubai. Isipoganda, bado haijathibitisha 13.5, hivyo siku moja zaidi ya jua haitapotea bure. Na hapa pia kazi iko palepale: chupa itasema kweli ikiwa tu aliyeijaza alichota juu, katikati na chini ya rundo.