Umaskini wa Fedha na Umaskini wa Maneno: Sinema za Anga za Kiitalia katika Kiswahili

Sinema za hadithi za sayansi zilizotengenezwa Italia kwa fedha haba, tangu 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1970, zimezoea kuhukumiwa kwa macho. Husemwa kwamba roketi zake ni za kuchezea, na kwamba sayari zake ni vyumba vya studio vilivyojazwa moshi. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi kuzihukumu. Kasoro kubwa haimo katika mfuko wa mtengenezaji; imo katika maneno.

Ushahidi mmoja ni Terrore nello spazio ya Mario Bava (1965). Kwa maelezo yake mwenyewe, Bava alikuwa na majabali mawili tu ya plastiki, masalio ya sinema nyingine. Aliyazidisha kwa vioo, akayafunika kwa ukungu na taa za rangi, na sayari ya kutisha ikapatikana. Waigizaji wake, waliotoka nchi mbalimbali, walinena kila mmoja kwa lugha yake, na sauti zikatiwa baadaye, kama ilivyokuwa desturi ya Italia. Basi watu walioona maiti zikifufuka husema kama makarani wasomao hesabu ya ghala.

Upungufu huo wazidi katika sinema nne za Antonio Margheriti zilizopigwa pamoja mwaka 1965, kuanzia I criminali della galassia, kwa mandhari yale yale ya studio. Na zaidi katika zile za Alfonso Brescia za 1977 hadi 1979, ambamo mavazi na hata vipande vya picha hurudiwa. Kurudia vazi ni ukata, nao husameheka. Lakini kamanda atoapo amri, na ofisa akaikariri neno kwa neno, huo ni uvivu wa fikira.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa Kiswahili. Katika mabanda ya video ya Tanzania sinema ya kigeni imepata kufasiriwa kwa sauti ya mtu mmoja, sanaa aliyovuma kwayo Lufufu (Derek Gaspar Mukandala) wa Dar es Salaam. Mtu wa Mabamba, wilayani Kibondo karibu na mpaka wa Burundi, aliyelelewa kwa Kiha na kusomeshwa kwa Kiswahili, picha ataiona mwenyewe. Maana ataipata kwa mfasiri. Mfasiri asemapo "Masi" na "Vinasi", ilhali lugha inayo Mirihi na Zuhura, aongeza umaskini juu ya umaskini. Lakini kwa kuwa hata sauti za Kiitalia zilibandikwa baadaye, hana deni kubwa kwa midomo ya waigizaji. Aweza kumpa kamanda hofu, kejeli na methali alizonyimwa.

Wala Kiswahili si kigeni angani. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani, iliyorushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipewa jina la Uhuru.

Hata hivyo mfasiri hodari hawezi yote. Atarekebisha usemi, lakini hawezi kutia wazo katika kisa kisichokuwa nalo. Hapo ndipo Bava, kwa majabali yake mawili, awapitapo wenziwe. Na hapo ndipo mhakiki apaswapo kuanzia, kabla ya kuzicheka roketi.