"Malaika": Nani Anayeoa?

Tukiujadili wimbo wa "Malaika" huishia kugombea utunzi: ni wa Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, au wa Adam Salim, aliyedai kuutunga Nairobi mwaka 1945? Ugomvi huo umetumeza mno, maudhui tumeyaacha kando.

Nafsineni ni kijana wa kiume anayetaka kuoa, fedha hana. Kwetu Kiwangwa hilo halihitaji ufafanuzi: nanasi likishuka bei, ipo posa itakayongoja msimu mwingine. Kwa hiyo dhamira kuu ni umaskini. Mapenzi yamo ndani yake.

Sasa tuwatazame waliourudia. Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, kisha akaendelea nao peke yake majukwaani. Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi katika albamu ya Logozo, 1991. Wote wawili wanawake, na wote wameacha kitenzi "kuoa" palepale, ilhali kwa Kiswahili mwanamke huolewa. Wapo wasemao eti ni kosa la wageni. Sikubaliani nao hata kidogo. Siti binti Saad aliimba mashairi ya wanaume na hakuna aliyemsahihisha! Kilio cha kijana kikitoka kinywani mwa mwanamke, tunamsikia na yule anayengojewa, ambaye katika wimbo hakupewa hata neno.

Boney M, mwaka 1981, ndio walioniudhi. Kwao kijana hana hata shida ya mahari. Anacheza disko tu.