Singo: Kuisafisha Ngozi au Kuikana?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika mambo ambayo watu wa mwambao hawakuhitaji kufundishwa na mgeni ni kuusinga mwili. Kabla ya maduka kujaa sabuni na mafuta ya viwandani, nyumba zetu zilikuwa na liwa, karafuu, langilangi, asumini, mawaridi, unga wa dengu na machicha ya nazi. Vitu hivi hutwangwa au kusagwa, vikachanganywa na marashi, mwili ukasuguliwa taratibu mpaka taka zikatoka, kisha mtu akaoga. Hiyo ndiyo singo, na jina lake limetoka katika kitendo chenyewe cha kusinga. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, kuoga na kujisinga ni miongoni mwa mambo aliyomkumbusha. Basi mama anayechanganya singo leo jikoni kwake hakuzua jambo.

Wako wanaouliza: Je, si israfu kusugulia mwili unga, asali na nazi, navyo ni vitu vya kuliwa? Swali ni zuri, kwani katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii chakula cha binadamu kina heshima yake, hata ni haramu kustanjia kwacho. Lakini kuoshea mwili ni jambo jingine. Abu Daud amepokea Hadithi ya mwanamke wa kabila la Ghifari, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwamuru atie chumvi katika maji aoshee damu iliyoingia kwenye tandiko la ngamia. Imamu Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, alipoisherehesha Hadithi hiyo alisema kuwa chumvi nayo ni chakula, na kwa kipimo hicho akajuzisha kujisafisha kwa pumba za nafaka na mfano wake. Kisha akaleta habari ya Yunus bin Abdil-Aala, mwanafunzi wa Imamu Shafii, kwamba aliingia hamamu huko Misri akamkuta Imamu mwenyewe akijisugua kwa pumba.

Tazameni! Imamu ambaye sote twaswali kwa mafunzo yake hakuona aibu kuishughulikia ngozi yake, wala hakutumia cha thamani. Alichukua kile kinachobaki baada ya unga kuchekechwa. Kwetu sisi mfano wake ni machicha yaliyokwisha kukamuliwa tui. Hayo hayana lawama. Lawama ni ya yule anayejimwagia chupa nzima ya asali ilhali jirani yake amelala na njaa.

Hadi hapo singo yastahili sifa. Lakini yameingia mambo mawili yanayoiharibu, na haifai kuyanyamazia.

La kwanza ni Swala. Bibi arusi huwekwa ndani siku saba, akapakwa singo asubuhi na jioni, na kwa kuwa amepakwa, Adhuhuri ikapita na Alasiri ikapita, ati asije akaiharibu singo. Huu ni msiba. Binti anaandaliwa kwa ajili ya mumewe, huku haki ya Mola wake inapotea mbele ya macho ya mama, shangazi na somo, wala hapana anayekemea. Singo iliyoganda juu ya ngozi huzuia maji, na udhu hausihi mpaka iondolewe. Rangi ya manjano au ya hina iliyobaki peke yake, bila ya kitu chenyewe, haina neno. Basi singo ipakwe baada ya Isha, au baina ya Swala na Swala, ioshwe kabla ya wakati kutoka. Na somo akumbuke kuwa baina ya kitovu na magoti ni uchi hata kwa mwanamke mwenziwe. Sehemu hiyo binti ajisugue mwenyewe.

La pili ni kubwa zaidi. Zamani singo ilitakiwa ilainishe ngozi na kuinukisha vizuri. Siku hizi inatakiwa iibadilishe. Mchanganyiko husifiwa kwa kuwa "unang'arisha", na maana inayofahamika ni kuwa unamfanya mtu mweupe. Haya hayawezekani kwa singo. Ngozi yetu huwa na tabaka nyembamba ya juu iliyokwisha kufa, nayo hupukutika yenyewe siku zote. Kusugua huiharakisha tu, ndipo mkono ukipita ukahisi ulaini. Rangi hutengenezwa chini ya hapo, wala liwa na unga wa dengu haviibadilishi. Kwa hiyo singo inayoahidi weupe ni moja katika mawili: ni uongo, au imetiwa sumu.

Na sumu zipo. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini hupenya mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni haepukani nayo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zikaafikiana kuviondoa vyote vilivyotiwa zebaki, hata kwa uchache, ifikapo 2025. Wako pia wanaochanganya marhamu kali za hospitali, ambazo zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Hata ndimu, ambayo wengi huiona haina madhara, maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuunguza na kuacha madoa meusi.

Watu hushika Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, wakaishia hapo. Waisome mpaka mwisho. Katika Hadithi hiyo hiyo Mtume (S.A.W.) amebainisha kiburi kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametaja kuhitilafiana kwa rangi zetu miongoni mwa ishara zake. Siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, aliyeamriwa kupanda juu ya Alkaaba akaadhini ni Bilali Mhabeshi, mbele ya wakubwa wa Makureshi waliokuwa wakimdharau.

Binti hazaliwi akiichukia ngozi yake. Hufundishwa. Hufundishwa na mama mkwe anayeuliza rangi ya mchumba kabla ya kuuliza dini yake, na shangazi anayesema "mzuri, ila mweusi." Ninyi wenye maneno hayo, msimlaumu binti atakapojipaka sumu. Nyinyi ndio mliomkabidhi.

Basi singeni, lakini kwa unga laini usiochubua, pasipo na jeraha, mara moja au mbili kwa wiki, na baada yake mafuta mepesi ya nazi. Mkimaliza, mtazameni binti yenu na mmwambie amependeza kwa rangi aliyoumbwa nayo. Neno hilo halina gharama, nalo hudumu kuliko marashi.

Wabillahi Tawfiq.